Motakari ya Mehbubu Ilivyoota Meno

Nyinyi mnasema gia. Sisi tulisema meno, kwa sababu ukifungua lile sanduku lake unakuta vigurudumu vimechongoka pembeni, kimoja kinang'ata kingine, ndiyo gari inakwenda. Jino la kwanza, jino la pili, jino la tatu, na jino la kurudi. Basi nikisema meno mnielewe, msianze kunicheka kama mnavyonicheka nikisema motakari.

Habari hii ni ya wakati wa Mjerumani, karibu na vita vile vya kwanza. Mwaka siujui, mimi sikusoma. Ila ndio ule bei ya mpira ilianguka huko kwao Ulaya, wazungu wa mashamba wakawa wanafungasha mmoja mmoja. Mmoja alikuwa na shamba upande wa Kingolwira. Akaondoka na mbwa wake, motakari akaiacha imekufa bandani, kuku wanatagia ndani. Aliyeichukua ni Mehbubu.

Jina lake hasa ni Mehboob, sisi ulimi ulikataa. Mhindi, Mwislamu mwenzetu, duka la mama yake lilitazamana na banda langu la uhunzi pale sokoni Morogoro. Mtu mzima, ndevu zake kifuani, lakini akiona mashine anakuwa kama mbuzi aliyeona chumvi. Hakutaka kuifufua ile motakari iwe kama zamani. Alitaka aivunje, aunde yake, ya mbio. Viti viwili tu, chini chini, haina paa, haina milango, pua imechongoka kama ya panya buku.

"Fundi Rehani," akaniambia, "hii si ya kubeba mzigo. Hii ni ya kupita."

"Kupita wapi?"

"Kupita watu."

Sasa ile pua aliitengeneza nyembamba mno, mashine ikakataa kuingia. Akaiweka nyuma ya viti. Na sanduku la meno nalo likakubali kukaa kwa namna moja tu, limegeuka, mbele yake imekuwa nyuma. Basi dereva yuko mbele, mkono wa kubadilishia uko ubavuni kwake, meno yenyewe yako nyuma huko, na kati yake ni hatua mbili za hewa tupu. Hewa hiyo ndiyo niliyoitiwa.

"Hapa katikati tuweke nini, fundi? Nikisogeza mkono huku, jino lisogee kule."

Ngoja kwanza niwaambie shida yangu mimi, maana bila hiyo ningemwambia nina majembe ya kufua. Shida yangu ilikuwa Asha. Huyu bibi yenu. Alikuwa akiteremka kutoka Matombo na pilipili manga kichwani, akifika sokoni anaweka kapu mbele ya banda langu, anasema moto wangu unamkaushia bidhaa. Pilipili yake ilikuwa kavu toka nyumbani. Nikaelewa.

Kwetu Uluguru mtoto ni wa lukolo ya mama yake, yaani ukoo wa mama, na neno la posa ni la mjomba. Mjomba wa Asha alikuwa mzee Hatibu, anakaa mjini, mtu wa maneno machache na mguu mmoja uliovimba kama shina la mgomba. Nikaenda kwake. Nikakuta mwenzangu ametangulia, Leonard, mwalimu, ana viatu. Mzee akatusikiliza wote wawili, kisha akasema:

"Posa inajibiwa mlangoni kwa dada yangu Mwaisha, Matombo, na mimi nikiwepo. Mguu wangu huu mnauona. Atakayenifikisha pale unyayo wangu usiguse ardhi, huyo ndiye."

Leonard akasema atakuja Jumatatu na machela na wapagazi wanne.

Mimi nikasema, "Mjomba, mimi nitakuja Jumapili."

"Na nini?"

"Na motakari."

Soko lote lilicheka siku tatu. Na motakari yenyewe ilikuwa haijaota hata jino moja.

Tukaanza kuchagua. Mehbubu alitaka waya. Waya mzuri mjini ulikuwa mmoja tu, ule wa simu juu ya nguzo, na kuugusa ule ni hamsa wa ishirini za kiboko pale bomani. Tukatumia wa kufungia marobota. Ukivuta mkono, jino linaingia, safi. Ukisukuma, waya unajikunja kama mlenda.

"Mehbubu, waya unajua kuvuta tu. Kusukuma haujui."

"Tuweke wawili. Mmoja unavuta huku, mwenzake anavuta kule."

Tukaweka wawili. Siku moja wakaelewana, ya pili kila mmoja akavuta kwake, meno mawili yakang'ata kwa pamoja, sanduku likatoa sauti kama mtu ameketi juu ya paka.

Akaja Mosi, jirani yetu anayesokota kamba, akasema mnahangaika na nini, kamba ya mkonge inafunga mpaka ng'ombe. Tukaweka kamba. Sasa wote mnajua mkonge ukilowa unajikaza, nasi tulijua, ila hakuna aliyekumbuka. Mehbubu alikuwa ameiwasha mashine ipate moto, tumekaa barazani tunakunywa kahawa, mvua ikateremka kutoka mlimani. Kamba ikajikaza polepole, ikavuta jino yenyewe, motakari ikaondoka bila mtu. Ikakata barabara, ikapanda ngazi ya duka, ikaingia mpaka kwenye magunia ya unga, ikazimika. Mama yake, Mama Sherbanu, alikuwa nyuma ya meza. Hakushtuka hata kidogo.

"Mehboob," akaita, "njoo umsikilize mteja wako. Hasemi anataka nini."

Basi ikabaki chuma. Mimi toka siku ya kwanza nilikuwa nasema chuma. Fito moja ya chuma, ndefu, inajua kuvuta na inajua kusukuma, mvua ikinyesha ni ile ile. Lakini iwe nyepesi, isining'inie, na iwe na kiungo kila mwisho kama goti, maana mkono unakwenda kwa kuzunguka na jino linakwenda kwa kunyooka. Nondo nzito inacheza, inagonga, mwishoni inapinda. Nilitaka bomba. Mehbubu akazunguka mji mzima, hakuna bomba. Siku ya Alhamisi akaja na kitu kirefu amekizungushia kanga.

"Hiki hapa, fundi."

Nikafunua. Ni mfumbati wa kitanda, ule ubavu mrefu, umepakwa rangi nyeupe na una kitufe cha shaba.

"Kitanda cha nani hiki?"

"Usiulize, fua."

Nikafua. Saa sita mchana Mama Sherbanu alikwenda kujinyoosha kidogo, akanyooka mpaka sakafuni. Alivuka barabara amevaa kiatu kimoja. Akakitazama kile kitufe cha shaba kinachong'aa ubavuni mwa motakari, akamtazama mwanawe, akasema, "Baba yako alinunua hicho kitanda Bombay, tukasafiri nacho baharini. Leo nalala na magunia. Mkirudi kutoka huko Matombo bila mke wa huyu fundi, msirudi."

Mnaona, kumbe alikuwa upande wangu.

Ile fito ikafanya kazi vizuri kuliko kitanda. Ukigusa, jino limeingia. Mehbubu akatengeneza bamba la kusimama lenye vipengele, yaani mapengo, mkono unakaa hapa au pale. Sasa, kwa sababu lile sanduku limegeuka, jino la kwanza likatokea kipengele cha juu kabisa, na la kurudi likatokea chini kabisa. Mimi niliona. Nikanyamaza. Hilo ndilo kosa langu.

Jumapili alfajiri tukampakia mzee Hatibu, watu wanne wakamnyanyua toka kitandani mpaka kwenye kiti, kanzu, koti, na mwavuli wake. Mehbubu usukani. Mimi sikuwa na kiti. Nikakaa nyuma yao juu ya kifuniko cha mashine, natazama mbele kama wao, magunia mawili chini ya makalio na bado nilikuwa naiva. Mapajani nimeshika nyundo, patasi, na majembe mawili mapya niliyoyafua mwenyewe kwa ajili ya posa.

Tulikwenda vizuri, Mungu shahidi. Watu wakikimbilia migombani, kuku wakiruka, Mehbubu anacheka peke yake. Jua limepanda, hata mzee Hatibu akalainika, akaanza kuuliza habari.

"Mehbubu, hicho kijiti unachopandisha na kushusha ndio nini?"

"Hapo ndipo pa meno, mzee. Jino la kwanza liko hapa juu kabisa. La pili, la tatu. La kurudi chini."

Tukavuka kijito. Mzee akasema, "La kwanza liko juu."

"Juu, mzee."

"Limeota juu kwanza."

"Ndiyo, na limeota vizuri sana."

"Simamisha."

Hapo tulikuwa tumefika chini ya kilima cha nyumbani kwa Mwaisha. Nyumba inaonekana kule juu, na watu wamekwisha kusikia mlio wetu, wamejipanga.

Nyinyi hamkuyakuta. Zamani mtoto akiota meno ya juu kabla ya ya chini walimwita kigego, wakasema analeta mkosi katika nyumba. Mambo mabaya yalifanyika kwa ajili hiyo, nashukuru yamekwisha. Lakini wakati ule yalikuwepo, na mzee Hatibu alikuwa mtu wa wakati ule.

"Rehani," akasema bila kugeuka, "unanipeleka kwa dada yangu juu ya kigego?"

"Mjomba, hiki ni chuma tu."

"Chuma chenye meno. Kama hakina meno niambie."

Mehbubu akasema, "Basi ushuke, mzee, tukubebe."

"Kushuka siwezi, nilisema unyayo wangu hautagusa ardhi. Kwenda na kigego siwezi. Nipo hapa hapa."

"Mpaka lini, mzee?"

"Mpaka Leonard apite kesho na machela." Akafungua mwavuli.

Nikashuka. Nikalala chini ya motakari nikaitazama ile fito, nikafikiri. Fito ikisukuma, jino linasukumwa. Nataka ikisukuma, jino livutwe. Nikakumbuka watoto wanavyobembea juu ya gogo, huyu akienda chini yule anakwenda juu. Nikiweka kigogo kidogo cha chuma kati ya mkono na jino, kimeshikwa katikati, basi juu inakuwa chini na chini inakuwa juu. Chuma hicho nitakitoa wapi? Nilikuwa na majembe mawili.

Kulikuwa na mama mmoja pembeni ya njia anachemsha magimbi. Nikamwomba moto. Nikatia jembe moja, nikapuliza kwa mwanzi mpaka macho yakanitoka, jembe likawa jekundu, nikalitoboa tundu tatu. Tundu ya kati nikaishikiza kwenye ubavu wa motakari. Fito nikaikata vipande viwili, kimoja tundu ya juu, kingine tundu ya chini.

Mzee Hatibu ananitazama toka chini ya mwavuli. "Hilo si jembe la dada yangu?"

"Ndilo, mjomba."

"Mm."

Nilipomaliza nikamwonyesha. Jino la kwanza chini kabisa, mahali pake pa heshima, na la kurudi juu. Akakisogeza kile kijiti mwenyewe mara mbili, akafunga mwavuli. "Twendeni."

Nikamwambia Mehbubu, "Sikiliza. Sasa chini ndiyo kwenda. Juu ndiyo kurudi. Usisahau."

"Fundi, aliyeiunda ni mimi."

Akatia jino la kwanza, chini, sawasawa, tukakishika kilima. Tukafika nusu. Mashine ikahema, ikakohoa, ikafa, tukarudi chini tunateleza. Mara ya pili tukafika nusu ya nusu. Mara ya tatu hata yule mama wa magimbi alisukuma, tukapanda hatua ishirini. Kile kilima kilikuwa kikali, na jino la kwanza halikuwa na nguvu yake. Na kule juu wote wanatazama, ila Mwaisha tu, yeye alikuwa jikoni, alitoka baadaye. Asha nilimwona kwenye ukingo wa migomba, amejishika shavu.

Mzee Hatibu akasema kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko angetukana. "Basi, Rehani. Umejitahidi. Nirudisheni nyumbani, kesho nitakuja na mwenzio."

Watu wakaigeuza motakari kwa mikono, pua ikatazama Morogoro, nyuma ikatazama kilima. Nikapanda pale juu ya kifuniko changu. Mimi sioni vizuri, mnajua tena, moshi. Mehbubu naye kajaa hasira, akanyoosha mkono akakipeleka kile kijiti mahali alipokizoea siku zote za kujaribu, pale lilipokuwa jino la kwanza. Juu.

Motakari ikarudi nyuma. Ikakishika kilima kwa makalio na ikapanda.

Baadaye ndio nilielezwa kwamba jino la kurudi lina nguvu kuliko mengine yote. Linakwenda polepole lakini linavuta kama maksai wawili. Siku ile hatukujua. Niliona tu njia ya Morogoro inaniacha.

"Mehbubu, unakwenda wapi?" mzee akauliza.

"Sijui, mzee, ila inakwenda."

"Simamisha."

"Nikisimamisha hapa tutashuka na kilima chote."

"Basi usisimamishe."

Mehbubu anageuza shingo aone njia, haoni, mgongo wangu umemziba. "Fundi, geuka wewe, utazame uniambie."

"Siwezi."

"Kwa nini huwezi?"

"Mama yake Asha yuko huko."

Mwanamume hamtazami mama mkwe wake. Ukimwona njiani unaingia porini mpaka apite, ukizungumza naye unampa mgongo. Mimi nilikuwa sijapewa hata mke, sasa nianze kwa kumkodolea macho mama wa watu? Bora tuanguke.

Mzee Hatibu akachukua kazi hiyo, akapinda shingo. "Kulia. Kulia kidogo."

"Kulia kwangu au kwa motakari?"

"Mkono wa kulia ugali."

"Mzee, kinyumenyume mkono wa ugali ni upi?"

"Ni ule ule, mtu hahamishi mkono. Shoto sasa. Kuna kinu. Kinu, Mehbubu."

Tukakigonga kinu, kikaanguka, motakari ikasimama. Tumefika katikati ya uwanja, mbele ya mlango. Mbuzi tu mmoja analia.

Nikateremka nimegeukia migomba. Nikachuchumaa, mgongo kwa nyumba, nikasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba," sauti ikajibu nyuma yangu. Halafu ikamwuliza mzee, "Kaka, huyu ni mtoto wa nani?"

"Mhunzi. Wa Kinole. Ndiye niliyekutumia habari zake."

Mwaisha akasema, na mimi neno hilo nitakufa nalo, "Wengine wamekuja hapa na macho yao wamenitumbulia. Yule mwenye viatu alinishika mpaka mkono. Huyu ametoka Morogoro mpaka Matombo kinyumenyume, asije akaniona. Huyu amefundwa."

Mehbubu, amekwisha kushuka kando yangu, akafungua kinywa. Nikamfinya.

Kilichobaki ni mzee Hatibu. Yeye alijua kila kitu, kilima, mara tatu, hasira, kijiti. Angesema neno moja tu, Leonard yuko njiani. Nilikuwa nimechuchumaa natazama mgomba mmoja, nikahesabu majani yake yote. Nasikia mzee anautazama ule mguu wake, maana ukimya wa mtu anayetazama mguu unausikia.

"Dada," akasema, "hata mimi adabu yake imenishangaza. Nilisema anifikishe. Sikusema niwe nimetazama wapi." Kisha akasema, "Nishusheni."

Wakamshusha. Akakanyaga ardhi mlangoni kwa dada yake, kwanza mguu mzima, halafu ule mwingine. "Rehani, Asha nimekupa."

"Na majembe ya posa?" Mwaisha akauliza.

"Moja hili hapa, mama," nikauambia mgomba. "La pili liko chini ya motakari, linafanya kazi."

"Likimaliza liletwe."

Ndivyo nilivyooa. Na adabu ile sasa nikalazimika kuishi nayo, maana sifa zilikwisha kuenea. Nikienda Matombo naingia uwanjani kinyumenyume, napokea chakula kinyumenyume, watoto wa kule wanatoka nyumbani kunitazama. Mama mkwe akiniulizia kwa watu alikuwa anasema, "Mkwe wangu yule mwenye kisogo kizuri." Uso wangu hakuujua.

Alipozaliwa mama yenu ndio nikampelekea kanga, kwa desturi, ili tufunguliwe tuonane. Nikageuka. Mwaisha akanitazama muda mrefu sana, toka paji mpaka kidevu, akarudia tena toka mwanzo. Kisha akamwita Asha.

"Mwanangu," akasema, "mwambie mumeo ageuke tena."